Makmende alikuwapo kabla ya YouTube

Wasomaji wangu, leo tuipumzishe kidogo kompyuta. Hakuna hifadhidata, hakuna lugha ya programu. Nataka tuzungumze kuhusu wimbo wa utani.

Ndiyo, utani. Kuna rekodi ambazo hutengenezwa ili watu wacheke kwanza, halafu wacheze baadaye, na zikifaulu huwa zinasema jambo ambalo hotuba haliwezi. Wamarekani wanazo tele. Mwaka 1942 Spike Jones na bendi yake walimcheka Hitler katika "Der Fuehrer's Face". Mwaka 1962 mchekeshaji Vaughn Meader alitoa santuri ya kuigiza sauti ya Rais Kennedy ikauzwa kwa mamilioni, hadi Kennedy alipouawa Novemba 1963 na santuri hiyo ikaondolewa madukani, kwa sababu nani angecheka tena? Hapa Kenya, ile iliyotikisa mtandao kuliko zote zilizoitangulia ni ya Just a Band. Wimbo unaitwa "Ha-He", umo katika albamu yao 82 ya mwaka 2009, na video yake ilitoka tarehe 17 Machi 2010. Shujaa wa video hiyo ni Makmende.

Ukisoma popote kuhusu Makmende utaambiwa kwamba ndiye kisa cha kwanza cha Kenya kuenea mtandaoni kama moto wa nyika. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba hadithi hiyo huanzia siku video ilipopakiwa YouTube, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Mimi nimekulia Mukuru kwa Njenga. Mwaka 2010 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na jina Makmende nililijua kabla sijaiona YouTube hata mara moja. Kaka zetu wakubwa walilitumia kutukanya. Ukipanda juu ya paa la mabati kuonyesha ubabe unaulizwa: wewe unajiona Makmende?

Haya, tuanze na jina lenyewe. Maelezo yanayokubalika na wengi ni haya: mwaka 1983 Clint Eastwood aliigiza tena kama yule polisi wake mkali, Harry Callahan, katika filamu ya Sudden Impact. Humo anamwambia jambazi maneno matatu ya Kiingereza ambayo dunia nzima iliyakariri, make my day. Vijana wa mitaa ya Nairobi waliyasikia kwa masikio yao wenyewe, wakayatafuna, yakatoka Makmende. Katika Sheng ya miaka ya 1990 Makmende akawa mtu anayejitia shujaa, anayejifanya hashikiki. Angalieni vizuri jambo hili. Jina si la kumsifu mtu. Ni la kumcheka. Jambazi anaambiwa "jaribu uone", lakini mtaani anayechekwa ni yule anayesema "jaribu uone". Hiyo tayari ni kejeli kamili, na ilitungwa na watoto wasio na kamera.

Walisikia wapi? Kwenye vibanda vya video. Kwa wasiovijua: ni chumba cha mabati, benchi za mbao, televisheni moja juu kabisa karibu na dari, na pazia zito mlangoni ili ambao hawajalipa wasichungulie. Filamu za ngumi na bunduki ndizo zilizotawala. Baadaye, miaka ya 2000, vibanda hivyo vikamfanya DJ Afro kuwa jina kubwa, yule jamaa anayeweka sauti yake juu ya filamu ya kigeni na kuieleza kwa Kiswahili na Sheng, akiongeza vichekesho vyake ambavyo mwandishi wa filamu hakuvifikiria kamwe. (Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kampala wana VJ Jingo. Kazi ile ile, ladha tofauti.) Nasema bila kuogopa kwamba sehemu kubwa ya ucheshi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi ilifundishwa darasani mle. Sehemu moja ya Mukuru kwa Njenga inaitwa Vietnam. Mtaa wenye kijiji kinachoitwa Vietnam haukosi kuwa na Makmende wake.

Sasa rudi kwenye video. Just a Band waliianza bendi yao wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta: Blinky Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya, na Jim Chuchu akajiunga nao. Ni watu wa muziki wa kielektroniki, si wachekeshaji wa jukwaani, lakini walifanya kazi ya mchekeshaji. Walichukua lile neno la utotoni wakalitendea kama vile lilikuwa kweli. Kama Makmende angekuwa mtu, filamu yake ingekuwaje? Basi wakatengeneza kionjo cha filamu ya miaka ya 1970 ambayo haijawahi kuwapo: picha iliyochakaa makusudi, mavazi ya zamani, mapigano, na maadui wenye majina kama Taste of Daynjah na Wrong Number. Kevin Maina akawa Makmende. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayecheka ndani ya video. Wote wamekaza uso. Mzaha unaoelezwa huwa umekufa tayari, na hawa waliuacha ujisemee.

Hapa lazima nitaje ndugu zao wakubwa wa chuo hicho hicho. Kuelekea mwaka 2000, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliojiita Redykyulass, walimwigiza Rais Moi kwenye televisheni akiwa bado madarakani. Leo ni vigumu kumweleza kijana wa miaka ishirini ukubwa wa jambo hilo. Nyumba nyingi zilizima mazungumzo jina hilo lilipotajwa, halafu vijana watatu wanatembea kama yeye na kuongea kama yeye mbele ya taifa zima! Mwaka 2001 Eric Wainaina akaicheka hongo kwa wimbo "Nchi ya Kitu Kidogo". Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji wakaunda neno kwa kugongesha Kijaluo na Kiingereza, "Unbwogable", wanasiasa wa NARC wakalibeba hadi ikulu.

Lakini zote hizo zilipita kwenye mlango wenye bawabu. Bawabu alikuwa mkurugenzi wa vipindi, au mtangazaji wa redio, au mwenye stesheni anayeogopa leseni yake. Stesheni ya kwanza ya FM ya binafsi, Capital, ilianza mwaka 1996 tu. Kabla ya hapo redio ilikuwa ya serikali. Makmende hakuomba ruhusa kwa bawabu yeyote. Video ilipakiwa, kiungo kikatumwa, watu wakatumiana.

Na hapa mhandisi ndani yangu anaamka. Kwa nini 2010 na si 2007? Kwa sababu ya nyaya. Hadi katikati ya mwaka 2009 Kenya ilikuwa inategemea setilaiti kuunganishwa na dunia, na setilaiti ni ghali na ni ya polepole, kwani mawimbi lazima yapande kilomita elfu 36 na kushuka tena. Juni 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa. Julai 2009 SEACOM ikawashwa. Mwezi ule ule wa Makmende, Machi 2010, iHub ilifungua milango katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road, na wanablogu na watengenezaji programu wakapata mahali pa kukaa pamoja. Yaani umma wa mtandaoni ulikuwa umekusanyika, una kasi mpya mkononi, na hauna cha kuchezea. Makmende akaingia.

Kilichofuata kinajulikana. Bendi ilitoa majalada bandia ya majarida, mashabiki wakafungua kurasa za Facebook na Twitter, halafu vikaja vichekesho. Mtindo ulikuwa wa kuazima. Tangu mwaka 2005 Wamarekani walikuwa wakitungiana "ukweli" kuhusu Chuck Norris, kwamba hakuna asiloliweza. Wakenya walilimega umbo hilo na kulijaza matatu, ugali, Nairobi, wanasiasa na foleni za benki. Nitawapa wa kwangu, niliotunga jana ofisini, msimlaumu mtu mwingine: Makmende hafanyi nakala rudufu ya data yake. Data ndiyo humwogopa ikipotea.

Watu wengine wakaanza kusema Wakenya walikuwa na njaa ya shujaa. Ilikuwa miaka miwili tangu ghasia za uchaguzi wa 2007, serikali ya mseto ya Kibaki na Raila ikivutana kila wiki. Mimi naona vinginevyo. Tuliotoka mtaani tulijua Makmende ni tusi. Kumpa Makmende kila kazi, aongoze nchi, amalize foleni, arudishe umeme, ni kusema kwamba anayejitangaza kuyaweza yote ni wa kuchekwa. Kejeli ilikuwa pale pale, lakini ukiikosa maana ya mtaani utaona sherehe tu.

Na Mukuru je, iliionaje video? Tufanye hesabu. Chukua video ya megabaiti 10, ambayo ni ndogo. Hiyo ni kilobiti elfu 80. Kwa simu ya GPRS inayopata kilobiti 40 kwa sekunde, utahitaji sekunde 2,000, yaani zaidi ya nusu saa, kama mtandao haukatiki. Kwenye saiba ya jirani yetu, ambako dakika ilikuwa shilingi moja na waya mmoja uligawanywa na mashine zote, hesabu ilikuwa hiyo hiyo au mbaya zaidi. Shilingi thelathini na kitu kutazama wimbo wa dakika chache! Hiyo ni unga, jamani.

Kwa hiyo ilikuja kwa miguu. Karibu na jukwaa la matatu palikuwa na kijana mwenye tarakilishi moja iliyojaa nyimbo, aliyekuwa akijaza kadi za simu za watu kwa shilingi kumi, ishirini. Mtu mmoja aliyefanya kazi mjini aliipata video, ikafika kwa kijana huyo, naye akaigeuza kuwa 3GP. Kutoka hapo ni Bluetooth: simu mbili zimelazwa pamoja juu ya meza kama wagonjwa, hakuna kuzigusa mpaka imalizike. Hakuna mtambo wowote uliohesabu watazamaji hao. Idadi ya YouTube haiwajui. Na bado kufikia likizo ya Aprili kila mtoto niliyecheza naye alikuwa ameiona.

Tuliiona vipi? Video ya 3GP ya simu za wakati ule ilikuwa na upana wa vitone 176 na urefu wa 144. Sauti ilibanwa kwa AMR, mbinu iliyotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, inayochukua sampuli 8,000 kwa sekunde na kubakiza takriban hezi 200 hadi 3,400. Chini ya hapo inakata. Besi yote ya "Ha-He", yaani nusu ya wimbo wenyewe, iliishia kwenye kigeuzi. Sisi tulikuwa na wimbo wa kielektroniki usio na tumbo, na shujaa mwenye uso wa vigae vinne. Nilikuja kuusikia wimbo mzima nikiwa chuoni, kwa spika za mwenzangu wa chumba, nikamuuliza hii ni rimiksi? Akanicheka.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonikera hadi leo. Siku chache baada ya video, watu waliandika makala ya Makmende katika Wikipedia ya Kiingereza. Ikafutwa. Wakaandika tena. Ikafutwa tena. Ethan Zuckerman, mmoja wa waanzilishi wa Global Voices, aliandika kuhusu mvutano huo wakati ule ule. Nieleze utaratibu ulivyo, kwa haki. Wikipedia ina njia ya kufuta haraka makala inayoonekana kuwa upuuzi au isiyoonyesha umuhimu wa mada yake. Mhariri wa kujitolea, aliye mbali sana na hapa, anaona ukurasa kuhusu shujaa wa Kenya anayeshinda kila kitu, umejaa vichekesho vya mashabiki, hauna vyanzo huru. Anabonyeza kufuta. Ningekuwa mimi, na foleni ya kurasa mia mbele yangu, huenda kidole kingeniwasha pia. Kanuni ilifanya kazi kama ilivyoandikwa. Tatizo ni pembejeo zake. Makala ilipata miguu ya kusimamia baada ya vyombo vikubwa vya Marekani, yakiwamo Wall Street Journal na CNN, kuandika kuhusu video hiyo. Kwa maneno mengine Makmende alithibitishwa kuwapo Nairobi siku alipotajwa New York.

Na kuna kinaya kingine ambacho sijaona kikisemwa. Miezi ile ile, kati ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, Google ilikuwa inaendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo wa Afrika Mashariki waandike makala katika Wikipedia ya Kiswahili, kwa zawadi. Tulikuwa tunahimizwa tuandike, tuijaze dunia maarifa yetu. Upande wa pili, tulichokuwa tunakizungumza wenyewe kwa wenyewe usiku na mchana kilikuwa kinafutwa kwa kukosa tanbihi.

Kwa sababu tanbihi itatoka wapi? Neno la kuchezea la watoto wa mwaka 1993 halikuandikwa na gazeti lolote. Chanzo chake ni midomo. Mwaka 2011 Mhindi mmoja, Achal Prabhala, aliongoza mradi ulioitwa People are Knowledge, India na Afrika Kusini, wa kurekodi sauti za watu wakieleza mambo ya kwao, kisha kuzitumia rekodi hizo kama vyanzo katika Wikipedia. Wazo zuri sana. Halikuwahi kuwa kawaida, na hadi leo kitabu kilichochapwa hushinda bibi anayekumbuka.

Midomo nayo haingoji. Mwishoni mwa mwaka 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kwa ajili ya barabara, na maelfu ya familia zikabaki wazi na magodoro yao mvuani. Nyumba tuliyokulia haikuguswa. Saiba iliondoka, kibanda cha video kiliondoka, na yule kijana wa kujaza nyimbo, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, alipoteza tarakilishi yake pamoja na diski mbili za nje. Nilipomuuliza kuhusu zile 3GP alinitazama kama mtu anayeulizwa kuhusu sindano wakati nguo zote zimeungua. Alichookoa kwanza ni jiko na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Just a Band waliendelea. Sorry for the Delay ilitoka 2012, Chuchu akaenda kwenye filamu na kazi za The Nest, Masya akaongoza Kati Kati mwaka 2016. Video ya "Ha-He" bado ipo YouTube, safi, na besi yake yote. Hiyo haiwezi kupotea kirahisi.

Mimi nimeanza kukusanya upande wa pili. Ni jedwali dogo tu, SQLite, safu sita: neno, maana, mtaa, mwaka, nani alimwambia, na sauti iliyorekodiwa. Jumapili mchana nazunguka na simu yangu, Kwa Njenga, Kwa Reuben, Viwandani, nauliza wazee. Safu ya mwaka ndiyo ngumu, maana hakuna anayekumbuka kwa tarakimu. Mtu anakumbuka kwa moto, kwa mafuriko, kwa kiwanda kilichomwachisha kazi. Kwa hiyo niliibadilisha ikubali maandishi badala ya namba.

Rekodi ya zamani kuliko zote niliyopata hadi sasa ni ya mzee mmoja wa Viwandani, fundi wa viatu. Nilimuuliza, "Mzee, neno Makmende ulilisikia lini mara ya kwanza?" Akaendelea kushona. Akasema, "Kijana wangu, kabla ya ule uchaguzi wa vyama vingi wa kwanza. Kulikuwa na konda hapa, mrefu, anarukia gari likiwa linakimbia. Huyo ndiye aliitwa hivyo."

Nikamuuliza kama aliwahi kuiona video.

"Kuna video?"

Nikaitoa simu nikamwekea. Aliitazama mpaka mwisho, sindano mkononi, kisha akasema yule konda alikuwa mwembamba zaidi.